Ethi tena, jamani

Breka ya soketi inakata nikiwasha pasi, fundi kasema niweke ya ampea 32. (Makorora)

Usithubutu. Waya wa soketi huwa wa milimita za mraba 2.5 na breka ipo kuulinda huo waya, ukiweka kubwa kinachokata ni waya wenyewe, tena ndani ya ukuta. Chomoa vingine vyote uwashe pasi peke yake, ikikata bado basi shida ni pasi, waya au breka yenyewe.

Friji inanipiga shoti nikiishika pekupeku. (Ngamiani)

Mara ya ngapi hii? Ichomoe sasa hivi, usisubiri kumaliza kusoma. Friji inavujisha umeme kwenye bodi na ethi, ule waya wa kupeleka umeme ardhini, hamna, kwa hiyo njia ya kwenda ardhini ni wewe. Nawajua mafundi wetu, wanavuta nyaya mbili tu wanasema ethi ni mbwembwe, na wenye nyumba nao wanakata ile pini ya tatu au wanafungua soketi kwa kalamu wachomeke plagi ya pini mbili. Ethi ikiwepo nayo ikaguliwe, hasa nyie wa Raskazoni, chumvi ya bahari inakula kile kibano cha kwenye fimbo ya ethi iliyochomekwa ardhini mpaka unakuta waya umening'inia tu. Na msifunge ethi kwenye bomba la maji, mengi siku hizi ni plastiki! Ukiwa na hela ongeza breka ya kuvuja ya milliamp 30, ile inayokata umeme ukivuja, ila ni nyongeza, ethi iko palepale.

Fundi kamaliza waya nyumba ya Pongwe, fomu ya kuthibitisha kazi anasema kuna mtu atampigia muhuri. (Pongwe)

Huo ni muhuri wa kukodi. Anayesaini anatakiwa awe na leseni ya EWURA, mamlaka ya nishati na maji, na ndiye anayebeba kazi, sasa huyo hajawahi hata kuiona nyumba yako anabeba nini? Mwambie aje apime mbele yako ndo asaini. Msinijibu eti TANESCO walishawasha, ya ndani ni yako.

Dada yangu yuko Leicester anataka kuongeza soketi sebuleni, lazima aripoti halmashauri?

Kwa England, soketi moja kwenye laini iliyopo hapana. Laini mpya, kubadili boksi la breka, au kazi karibu na bafu ndo inaripotiwa, au aite fundi aliyesajiliwa aripoti mwenyewe.

Maungio ya darini nimezungushia solotepu, inatosha?

Haitoshi. Weka konekta ndani ya boksi, na panya wa Tanga unawajua.