Tumbo lako linaijua Alhamisi

Shikamoo Shangazi. Nina miaka 34, nimeolewa, nina watoto wawili, nauza viatu vya mtumba Morogoro. Tangu mama mkwe aje kutoka Shinyanga mwezi Machi kutibiwa macho, sina afya. Tumbo la juu linawaka, shingo inakaza, moyo unakwenda mbio mpaka vidole na midomo vinakufa ganzi. Alhamisi nikiwa kwenye kikundi ndiyo nazidiwa kabisa. Nimepima sukari, presha, moyo, altrasaundi, vidonda vya tumbo, wanasema sina kitu. Usiku nameza diklofenaki ndipo napata nafuu kidogo. Mama mkwe huniletea uji wa ulezi, namwaga, maana jirani kaniambia macho yake mekundu yale si bure. Mume wangu ni mwema ila ni fundi tu, biashara haielewi, hivyo tangu nilipoongeza mzigo Januari sijamshirikisha. Siku hizi hata simu ikiita nashtuka. Nimwambieje amrudishe mama yake kwao?
Mgonjwa Asiye na Ugonjwa

Marahaba mwanangu. Pole kwa maumivu. Najua hujayatunga, na aliyekuambia huna kitu alipaswa kukaa nawe kidogo akuulize unaishije. Pole yangu inaishia hapo, maana barua yako nimeirudia mara mbili, na nilichokiona humo ni mkopo.

Hebu tuipange. Mzigo uliuongeza Januari, mwezi ambao kila mzazi anahangaika na sare na madaftari. Fedha ilitoka wapi? Hukusema. Mumeo hakujua. Alhamisi una kikundi, na kila mwanamke wa sokoni anajua siku ya kikundi ni siku ya marejesho. Simu ikiita unashtuka. Mwanangu, anayeiogopa simu yake mwenyewe hajarogwa, anadaiwa. Nadhani ulianza na kikundi, rejesho likakushinda, ukaenda kwa kausha damu ili ulipe kikundi, na ilipofika Machi riba imeshakukaba koo. Mama wa watu akashuka kwenye basi wakati huohuo, ukamtwika yeye. Kama nimekosea, niandikie uniambie ule mzigo wa Januari ulinunuliwa kwa fedha ya nani.

Sasa ujue mwili wako unafanya nini. Juu ya figo zako kuna tezi mbili ndogo. Ukitishika, zinamwaga adrenalini kwenye damu. Moyo unapiga haraka, presha inapanda, damu inapungua kwenye utumbo na kukimbilia kwenye misuli ya miguu na mikono, upate kukimbia au kupigana. Mtu aliyekutana na fisi njiani anaokolewa na hiyo adrenalini. Wewe huna pa kukimbilia. Umekaa kwenye mkeka, daftari linazunguka, yamebaki majina mawili lifike jina lako, na fedha uliyonayo kwenye kanga haitoshi. Chai uliyokunywa asubuhi bado imekaa tumboni, asidi inachoma, mabega yamepanda hadi masikioni. Unaanza kuhema haraka haraka bila kujijua, unatoa hewa ya kaboni dayoksaidi kupita kiasi, hali ya damu inabadilika kidogo, na hapo ndipo vidole na midomo vinapokufa ganzi. Ganzi hiyo hakuna aliyekutumia. Ikikukuta tena, vuta pumzi taratibu kwa pua, kisha itoe polepole kuliko ulivyoivuta, uendelee hivyo kwa dakika chache. Utaona inaachia.

Hofu ya siku moja hupita. Hofu ya miezi ni jambo lingine, kwa sababu tezi zilezile hutoa pia kortisoli, nayo inapandisha sukari na kuharibu usingizi, na mtu ambaye presha ilikuwa inamnyemelea inamkamata. Vipimo vyako ni safi leo. Usikae ukiamini vitabaki hivyo huku kila wiki unautia mwili kwenye vita.

Hiyo diklofenaki ya kila usiku nayo iache. Huku kwetu tunaambizana kwamba mawazo ndiyo yanayotoboa tumbo. Madaktari wawili wa Australia, Barry Marshall na Robin Warren, walionyesha miaka ya 1980 kwamba vidonda vingi vinaletwa na bakteria. Marshall mwaka 1984 aliwanywa bakteria hao yeye mwenyewe, akaugua tumbo, na mwaka 2005 wakapewa wote wawili Tuzo ya Nobel. Kwako bakteria hao hawakuonekana. Lakini chanzo kingine kikubwa cha vidonda ni dawa za maumivu za jamii ya hiyo unayoimeza, hasa ukizimeza mfululizo. Mawazo yanakuchoma tumbo bila kulitoboa, kisha wewe unakwenda duka la dawa kununua cha kulitoboa. Rudi kwa daktari, mtajie dawa hiyo, maana kwa barua yako nahisi hukuitaja. Na ukiona choo cheusi kama lami au ukatapika damu, usingoje kuche.

Nimefika kwa mama mkwe, na hapa nitakuwa mkali. Kanda ya Ziwa, Shinyanga ikiwemo, wazee wa kike wamekatwa mapanga kwa sababu ya macho mekundu. Macho yenyewe yameharibiwa na moshi wa kuni na samadi walizopikia maisha yao yote, halafu wakaitwa wachawi. Mama huyu ametoka hukohuko, amekuja kutibiwa macho, na ndani ya nyumba ya mwanawe anakuta maneno yaleyale yanapita juu ya ukuta wa jirani. Mwache huyo jirani. Katika nyumba nzima, mama mkwe wako peke yake ndiye aliyeona kwamba huli na hulali, akakoroga uji akakuletea. Unaumwaga kisha unataka nikufundishe namna ya kumfukuza! Sikufundishi.

Nawe uliyeandika habari za moyo wako, umefikiria moyo wake? Madaktari wa Japani walieleza tangu mwaka 1990 hali ambayo moyo unalegea ghafla baada ya mshtuko au huzuni kubwa, mtu akaonekana ana shambulio la moyo, na wengi wanaoipata ni wanawake waliokwisha koma hedhi. Mwanawe wa kumzaa akisimama mbele yake kumwambia afungashe kwa sababu ya uchawi, likimpata la kumpata utamweleza nini mumeo?

Mumeo umemdharau katika mstari mmoja ukapita. Fundi anayekadiria mbao, misumari na ujira wake kila siku anashindwaje kuelewa biashara ya viatu? Hukumficha kwa sababu haelewi. Ulimficha kwa sababu angeelewa, akauliza.

Na hili si lako peke yako. Ndoa za siku hizi watu wanalala kitanda kimoja, kila mtu na nywila ya simu yake. Mke ana mkopo wa kikundi, mume mshahara umekatwa hata kabla haujamfikia, mezani wanachekeana, usiku kila mmoja anatazama dari. Wanaume ndio wabaya zaidi, maana wao hata kuandika barua kama hii hawaandiki, wanaanguka tu na kiharusi. Wazee wetu nao walikopa, lakini deni lilijulikana na ukoo, kwa kuwa ukoo ndio uliolilipa. Kukopa harusi, kulipa matanga, na matanga hayo nimeyakaa. Wadai wanakuja na daftari kaburi halijakauka, mjane ndiyo kwanza anasikia.

Chukua karatasi. Andika kila unayemdai na kila anayekudai, kiasi, riba na siku. Mwambie mumeo wiki hii, watoto wakiwa wamelala, na umpe karatasi mkononi, maana kwa mdomo utapunguza. Atakasirika. Mwache akasirike, ana haki, kisha mkae mpange. Usikope kwa mwingine ili umlipe huyu. Huyo kausha damu mwende wote wawili, mumwombe leseni yake. Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 inamtaka anayefanya biashara ya kukopesha awe nayo, na asiye nayo hupunguza ukali akiulizwa na watu wawili. Mkishatua mzigo huo, na si kabla, muone afisa maendeleo ya jamii akueleze mikopo ya halmashauri ya vikundi vya wanawake, ambayo haina riba.

Mama mkwe wako haendi popote mpaka macho yake yamalizwe kutibiwa. Tarehe yake ya kliniki ikifika, funga biashara siku hiyo umpeleke wewe, na ukiwa hukohuko upime presha tena.