Canter inayokohoa ikipanda mlima na mzigo

Kaka, kama ni Canter ya zamani yenye injini ya 4D32, inayokohoa mlimani na mzigo, kisha ukisimama dakika chache inarudi sawa, usikubali fundi afungue pampu kubwa, ile inayosukuma dizeli kwenye nozeli, kwanza. Dalili hiyo mara nyingi ni dizeli kutofika ya kutosha.

Ikianza kukohoa, simama ufungue kifuniko cha tanki. Ukisikia hewa inavutwa kwa nguvu na gari ikapona, tundu la tanki la kupumulia limeziba. Isipokuwa hivyo, weka dizeli safi kwenye dumu, funga dumu vizuri nyuma ya kabini, chomeka mpira kutoka humo hadi pampu ndogo ya kuvutia, na paipu ya kurudisha dizeli inayobaki irudi humo humo. Panda mlima uleule na mzigo uleule. Ikivuta vizuri, ugonjwa uko tankini au njiani: chujio la ndani limejaa matope, au mpira umepasuka unanyonya hewa. Kipande cha mpira unaoonyesha ndani kitakuonyesha mapovu. Matenki ya zamani mara nyingi yana kutu, kwa hiyo filta mpya peke yake itaziba tena.

Ikiendelea kukohoa hata na dumu, badilisha filta, mwaga maji yake, toa hewa kwa pampu ya mkono. Nozeli, zile zinazopulizia dizeli ndani ya injini, zije baadaye, hasa injini ikimisi hata sailensa (ikinguruma bila kukanyaga mafuta) na kutoa moshi mweupe. Ukilegeza nati za paipu zake, weka mikono mbali. Dizeli ya presha hutoboa ngozi.