Kubadilisha Injini ya Land Cruiser Nyumbani kwa Msaada wa Marafiki

Injini ya dizeli ya 1HZ, yenye silinda sita na ujazo wa sentimita za ujazo 4,164, ambayo Toyota ilianza kuifunga kwenye Land Cruiser mwaka 1990, ina sifa kubwa ya kudumu, na wenye magari ya porini hapa Arusha huizungumzia kana kwamba haifi. Inakufa. Yangu ilikufa kwa joto katika barabara ya Mto wa Mbu kwenda Ziwa Natron, baada ya bomba la chini la rejeta kupasuka na maji yote kumwagika. Makala haya yanamlenga msomaji ambaye gari lake limefikwa na hali kama hiyo, na ambaye ana marafiki wenye ujuzi na moyo wa kusaidia, lakini hajui aanzie wapi.

Kwanza nieleze kwa nini kipimo cha joto kwenye dashibodi hakikuonya, maana wengi hukiamini kupita kiasi. Kihisio cha joto hupima maji yanayokizunguka. Maji yakiisha kwa ghafla, kihisio hubaki kikining'inia katika hewa na mvuke, mshale unatulia katikati au hata kushuka, na dereva anaendelea kukanyaga mafuta huku chuma kikiungua. Dalili ya kwanza niliyoipata ilikuwa nguvu kupungua kwenye mchanga, kisha sauti ya kugonga. Kifaa kidogo kinachopima joto la chuma chenyewe cha silinda hedi (kifuniko cha juu cha injini), au king'ora kinacholia kiwango cha maji kinaposhuka, kina bei ndogo sana ukilinganisha na injini, na kwa maoni yangu hakuna gari la kwenda Natron, Rukwa au Selous linalopaswa kukosa kimojawapo.

Kabla ya kuamua kubadilisha injini, ni lazima kujua imeharibika kiasi gani. Tulipoivuta dipstiki, oili ilikuwa na rangi ya chai ya maziwa, ishara kwamba maji yamechanganyika nayo. Tulipofungua hedi tukakuta imepasuka kati ya vali, na kuta za silinda mbili zimekwaruzwa na pistoni. Injini ya namna hiyo inaweza kufanyiwa ovahoo, yaani kufunguliwa na kukarabatiwa yote, lakini ukijumlisha hedi mpya, pistoni, ringi, beringi, gasketi na kazi ya kuchonga silinda kwa mashine, mara nyingi gharama inaizidi ile ya injini nzima ya mtumba iliyo katika hali nzuri. Kama hedi ndiyo pekee iliyopasuka na silinda ziko salama, ushauri wangu ungekuwa tofauti: badilisha hedi na uache bloku (mwili wa injini wenye silinda) ilipo.

Katika kununua ndiko pesa nyingi hupotea. Injini za mtumba zinazofika Gerezani, Dar es Salaam, na katika maduka ya vipuri ya Arusha hutoka kwenye magari ya aina mbalimbali, na muuzaji akikuambia kwamba ni 1HZ huenda anasema kweli bila kukuambia yote. 1HZ imefungwa pia kwenye mabasi ya Coaster, na injini ya Coaster ina sampo (trei ya oili chini ya injini) ya umbo jingine, bomba la kunyonyea oili la umbo jingine na mabano tofauti ya kuishikilia kwenye chesisi. Inafaa, na mara nyingi bei yake ni nafuu, lakini itakubidi kuvihamisha vitu hivyo kutoka kwenye injini yako ya zamani, kwa hiyo usiiuze kabla ya kazi kwisha. Vilevile baadhi ya Land Cruiser za Japani zilitumia umeme wa volti 24, nasi tulipokea injini yenye stata na plagi za joto (zinazopasha silinda kabla ya kuwasha) za volti 24 wakati gari langu ni la volti 12. Tulizihamisha za zamani pamoja na swichi ya kukata dizeli iliyo kwenye pampu, na jambo hilo likaisha.

Dukani, fungua kifuniko cha oili uangalie kama kuna utelezi mweupe kama krimu, zungusha kranki (shafti kuu ya injini) kwa spana ili uhakikishe haijajamu, kisha omba ipimwe mgandamizo wa hewa ndani ya silinda kupitia matundu ya plagi za joto kwa geji ya dizeli, kwa kuwa geji ya petroli haistahimili shinikizo hilo. Silinda sita zinazokaribiana kwa vipimo hunipa imani zaidi kuliko silinda tano zenye nguvu nyingi na moja iliyolegea. Chukua risiti inayoonyesha namba ya injini, na nakala ya nyaraka za forodha. Nitaeleza sababu mbele.

Sasa nizungumzie marafiki. Kazi hii haihitaji watu wengi wakati wote. Kufungua nyaya, kumwaga maji na oili, kutoa rejeta, feni, boneti na betri ni kazi ya mtu mmoja mwenye subira, na niliifanya peke yangu jioni baada ya kazi. Marafiki niliwaita kwa hatua mbili tu: kung'oa na kufunga. Ukiwaita mapema, watakaa kivulini wakinywa soda huku wewe ukitafuta spana namba 14, na siku utakapowahitaji kweli watakuwa wamechoka kuja. Mmoja wao ni fundi wa magari ya watalii, na tulikubaliana tangu mwanzo kwamba neno lake ndilo la mwisho, hata kama mwingine ana gari kama hilo na anadhani analijua. Huyo nilimlipa. Najua wapo wanaosema rafiki halipwi, lakini mtu anayeishi kwa spana zake anapokupa Jumamosi yake anakupa mshahara wake, na urafiki usiotambua hilo huisha kimyakimya. Wengine waliridhika na nyama choma na ndizi, tena baada ya kazi. Bia ilisubiri mpaka mnyororo uliposhushwa.

Injini hii ina uzito wa zaidi ya kilo 300, kwa hiyo suala la kuinyanyulia si la kubahatisha. Tulikodi cheni bloku (winchi ya mnyororo ya kunyanyulia) ya tani mbili na kuchomelea fremu ya mabomba mazito yenye miguu minne. Tawi la mwembe au boriti ya paa la nyumba havifai, hata kama jirani atakuapia kwamba amewahi kuvitumia. Mkono wala mguu wa mtu usiingie chini ya injini inayoning'inia, na watoto wakae mbali. Kompresa ya kiyoyozi tuliifungua boliti na kuifunga kando kwa kamba bila kugusa mabomba ya gesi, hivyo hatukulazimika kujaza gesi upya. Gia boksi tuliiacha ndani ya gari, ikiwa imeegemezwa juu ya jeki, na boliti za juu za nyumba ya klachi (kasha linalounganisha injini na gia boksi) tukazifikia kutokea chini kwa ekstensheni ndefu. Kila waya ulivishwa utepe wa karatasi wenye maandishi na kupigwa picha, na kila kundi la boliti likawekwa kwenye kopo lake la siagi.

Injini ya zamani ikiwa nje, usiifunge ile ya mtumba jinsi ilivyotoka dukani. Badilisha mkanda wa taimingi, unaooanisha kranki na vali, na tenshena (kikazio) yake, hata kama muuzaji anasema mkanda ni mzima; mkanda huo kwa kawaida hubadilishwa kila baada ya kilomita 100,000, nawe huna njia ya kujua umetembea kiasi gani. Badilisha pampu ya maji, tamostati, sili ya nyuma ya kranki, mauntini (vishikizo vya raba vya injini), mabomba yote ya maji, na diski ya klachi pamoja na beringi yake. Sili ya nyuma ni kipande cha bei ndogo, lakini kuifikia baadaye kunahitaji kushusha gia boksi nzima. Rejeta ipelekwe ikasafishwe, kwa maana haina faida kuweka injini nyingine nyuma ya rejeta iliyojaa tope.

Sehemu iliyotutesa ni kuiingiza shafti ya gia boksi ndani ya diski ya klachi. Injini ilikuwa inaning'inia sentimita chache kutoka mahali pake na haikutaka kusogea, na mmoja wetu akaanza kuisukuma kwa bega. Fundi akamzuia: "Kaka, usisukume, tikisa tu." Akamwambia mwingine azungushe kranki kidogo kidogo kwa spana kutokea mbele, yeye mwenyewe akapandisha jeki ya gia boksi kwa kiasi kisichoonekana kwa macho, na injini ikateleza ikaingia yenyewe. Usiivute kamwe kwa kukaza boliti za nyumba ya klachi. Diski hupinda, au sikio la bloku hukatika.

Kabla ya kuwasha, chomoa waya wa swichi ya kukata dizeli, kisha zungusha injini kwa stata kwa vipindi vifupi mpaka mshale wa shinikizo la oili upande juu. Hapo ndipo urudishe waya, upige pampu ya mkono iliyo juu ya filta ili kuondoa hewa, na kulegeza nati za mabomba ya nozeli (vinyunyizio vya dizeli) hadi dizeli itoke bila mapovu. Usiweke mkono mbele ya nozeli inayorusha, kwa sababu dizeli ya shinikizo hilo hupenya ngozi na kusababisha jeraha la kukimbiziwa hospitali. Mtu mmoja akae na ubao bapa karibu na mdomo wa kuvutia hewa, tayari kuuziba endapo injini itazidi kuongeza mzunguko yenyewe na kukataa kuzima kwa ufunguo. Koolanti jaza gari likiwa limeinua pua kwenye mteremko, bomba la hita likiwa wazi ili hewa itoke. Oili ya kwanza imwagwe mapema, baada ya safari fupi za mjini, na boliti za mauntini zikaguliwe tena wakati huohuo.

Kadi ya gari huonyesha namba ya injini pamoja na ya chesisi, hivyo mabadiliko yanapaswa kufikishwa TRA (Mamlaka ya Mapato Tanzania) ili kumbukumbu zirekebishwe, na hapo ndipo risiti na nyaraka za forodha zinapohitajika. Kampuni ya bima nayo ijulishwe, kwa sababu namba isiyolingana inaweza kuleta mzozo siku ya kudai fidia. Askari barabarani na mnunuzi wa baadaye nao wataangalia namba hiyohiyo.

Injini ya zamani niliivua pampu ya dizeli, alteneta na nozeli, nikazifunga kwenye mifuko na kuziweka stoo kama akiba. Bloku na hedi iliyopasuka viliuzwa kwa kilo kwa wanunuzi wa vyuma chakavu, na fedha iliyopatikana ikalipa kodi ya cheni bloku.