Grainda ya zamani inayoamka kwa kugongwa: fungua kaboni kabla hujasuka amecha

Mkuu, umesema grainda yako ya inchi 9 mara inazunguka mara inazima, ukiigonga ubavuni inashika tena, na fundi amekwambia amecha (ile sehemu ya mota inayozunguka, iliyosukwa kwa waya wa shaba) imekufa, uisuke upya au ununue nyingine. Usitoe hela kwanza. Amecha iliyoungua haibembelezwi kwa kofi. Mashine inayoamka kwa kugongwa, mara nyingi kilichokwisha ni kaboni, vile vipande viwili vyeusi vinavyosukumwa na springi na kupeleka umeme kwenye amecha.

Mimi nachomelea mageti na madirisha, grainda zangu mbili ni za siku nyingi, na kaboni ndiyo spea ninayonunua kuliko zote.

Chomoa plagi kabisa, usitegemee swichi, kisha toa diski. Tazama ubavuni kwenye mwili wa mota: grainda nyingi zina vifuniko viwili vya plastiki vinavyofunguka kwa bisibisi bapa. Kama havipo, fungua skrubu za kifuniko cha nyuma. Toa kaboni zote mbili. Mpya huwa na urefu wa milimita 15 hadi 18 hivi. Ikibaki 5 au 6, springi haiisukumi tena vya kutosha, ndiyo maana inagusa na kuachia. Kaboni nyingine zina kipini ndani ambacho huruka zikifika mwisho, mashine inazima ghafla ili isile shaba ya amecha. Watu wengi hapo huamini imeungua.

Ukikuta bado ndefu, shuku waya pale shingoni unapoingia kwenye mpini. Hukatika ndani huku mpira wa nje ni mzima. Rudisha kaboni mahali pake, na plagi ikiwa nje ya soketi, weka mita ya omu kwenye pini zake mbili, bonyeza swichi, kisha chezesha waya. Namba ikirukaruka ukichezesha, umempata mchawi. Swichi pia huchakaa, lakini si mara nyingi kama waya.

Kwenye kununua ndipo watu wanaponaswa. Nenda na ile ya zamani mkononi, maana muuzaji atakwambia "hii inaingia zote". Makita huandika namba kwenye kaboni yenyewe. Kwa mashine zisizo na jina, pima upana, unene na urefu, na angalia springi na kichwa chake vinafanana. Ikiwa nene kidogo, isugue kwenye msasa laini uliolazwa juu ya kioo, pande zibaki mraba, mpaka iteleze yenyewe ndani ya nyumba yake. Ikiwa nyembamba, iache dukani: itacheza, itatoa cheche, na itakula shaba. Pale Gerezani, Dar es Salaam, ukizunguka kidogo hukosi saizi yako. Na tafadhali usikubali fundi akuchongee kaboni ya stata ya gari. Ile ina shaba nyingi, imetengenezwa kwa volti 12 na ampea nyingi, si kwa umeme wa nyumbani. Badilisha zote mbili hata kama moja inaonekana nzima.

Kabla ya kuweka mpya, mulika tochi ya simu kwenye komyuteta, ile shaba iliyogawanyika vipande mwishoni mwa amecha. Rangi ya kahawia inayong'aa ni afya, usiiguse. Ikiwa na weusi, bana kipande cha msasa laini wa maji, zungusha amecha kwa mkono, kisha puliza vumbi lote, hasa kwenye mifereji kati ya vipande. Vumbi la kaboni linapitisha umeme, ukiliacha lijae unaweza kupigwa shoti kwenye mwili wa mashine. Grisi wala oili isifike hapo.

Kaboni mpya uso wake haujakaa sawa na mviringo wa shaba. Iwashe bila diski na bila mzigo kwa dakika kadhaa. Cheche zitakuwa nyingi mwanzoni kisha zitapungua. Cheche ndogo za bluu ni kawaida. Siku ya kwanza usiikatie chuma kinene.

Ila moto ukizunguka komyuteta yote kama pete hata baada ya kaboni mpya, au ukikuta vipande viwili vitatu vimeungua na vingine visafi, hapo fundi wako alisema kweli. Ukishafungua tuwekee picha ya hiyo shaba.