Mtoto Aliyeumia Aulizwe Mwenyewe

Katika kazi yangu ya kuwahudumia watoto waliovunjika, walioungua au walioumia kichwa, mara nyingi nimeona picha ya eksirei ikionyesha kwamba mfupa umeunga vizuri ilhali mwenye mfupa bado hajarudi katika maisha yake. Ndiyo maana ninamshauri kila anayewahudumia watoto wa aina hii apime ubora wa maisha yao kwa hojaji inayoeleweka, badala ya kutegemea swali la mlangoni la "unaendeleaje?", ambalo mtoto hulijibu kwa neno "vizuri" ili aondoke.

Mimi hutumia PedsQL, hojaji iliyobuniwa na James Varni na wenzake nchini Marekani. Ina maswali 23: manane yanahusu mwili, na matano matano yanahusu hisia, mahusiano na wenzake, na shule. Mtoto huulizwa ni mara ngapi jambo fulani limekuwa tatizo kwake. Asiyepata tatizo hilo kamwe hupewa alama 100, anayelipata karibu kila mara hupewa 0, kisha hutafutwa wastani. Toleo la kawaida huuliza kuhusu mwezi uliopita, lakini kwa jeraha bichi ni afadhali kutumia lile la siku 7, kwa kuwa mwezi mzima huchanganya siku za kabla ya ajali na za baada yake.

Jambo ninalolisisitiza kuliko yote ni nani anayejibu. Mzazi ana toleo lake, na kwa mtoto wa miaka 2 hadi 4 hatuna njia nyingine. Lakini kuanzia miaka 5 mtoto anaweza kujieleza, na wale wadogo wa miaka 5 hadi 7 husomewa maswali wakajibu kwa kuonyesha kidole kwenye picha za nyuso. Wazazi na watoto hukubaliana zaidi kuhusu yanayoonekana, kama kutembea na kuoga, kuliko kuhusu hofu na huzuni. Kwa hiyo watenganishe. Namkumbuka msichana mmoja aliyekuwa amevunjika paja, ambaye kila nilipomuuliza, mama yake alitangulia kujibu kwamba hana shida yoyote. Nilimwomba mama akajaze karatasi yake kwenye benchi la nje. Tulipofika kwenye maswali ya wenzake, binti alikaa kimya kidogo, akasema, "Wakikimbia hawanisubiri," ilhali ngazi alikuwa tayari akizipanda bila kushika ukuta.

Usiridhike na wastani wa jumla. Watoto wawili wanaweza kupata alama zilezile, mmoja akiwa ameshushwa na maumivu na mwingine akiwa ameshushwa na woga wa kuvuka barabara, na tiba zao hazifanani hata kidogo. Sehemu ya shule nayo isomwe kwa uangalifu, maana mojawapo ya maswali yake huuliza kama mtoto amekosa masomo kwa sababu ya kwenda kwa daktari. Yaani miadi yetu wenyewe humpunguzia alama! Nikiona hivyo, kwanza hutazama kama ziara mbili zinaweza kuunganishwa ziwe moja.

Ulizia pia hali ya kabla ya ajali, na uifanye mapema, katika siku za mwanzo, kabla kumbukumbu haijafifia. Bila hiyo huwezi kujua kama ugumu wa masomo umeletwa na jeraha au ulikuwapo tangu awali, ingawa mtu aliyelala kitandani huelekea kuyaona maisha yake ya jana kuwa mazuri kuliko yalivyokuwa. Na ukilinganisha vipimo viwili, tofauti ndogo isikufurahishe wala kukutisha: kwa majibu ya mtoto mwenyewe, badiliko la jumla lililo chini ya takriban alama 4.4 kwa kawaida halihesabiwi kuwa na uzito.

Walioumia kichwa wanahitaji subira zaidi. Mtoto wa namna hii huweza kuonekana mzima kabisa nyumbani, kisha usahaulifu, uchovu na hasira za ghafla vikajitokeza anaporudi darasani, ambako anatakiwa kusikiliza na kuandika kwa wakati mmoja. Kwa sababu hiyo simfungii faili mara tu anaporuhusiwa kurudi shule. Humpangia kipimo kingine akiwa ameshasoma kwa majuma kadhaa, na humwomba mzazi aje na maoni ya mwalimu.