Damu imeshuka, rudi wiki ijayo

Barua za mwezi huu zimetoka kwa watu wanaotibiwa saratani huku wakilala majumbani mwao. Nazijibu vile ninavyojibu kila siku kazini, pale kwenye viti vya kemo, yaani dawa za kuua saratani, dripu zikidondoka.

*Dada, natoka Lungalunga na mamangu saa tisa za usiku. Tukifika Mombasa atolewa damu, halafu twaambiwa imeshuka, turudi wiki ijayo. Hii ni mara ya pili. Wanatuzungusha?*

Hawawazungushi, mwanangu, ingawa naijua ile sura ya mtu anapoambiwa hivyo na nauli imekwisha. Kemo huziandama seli zinazozaana haraka. Saratani huzaana haraka, lakini na uboho wa mifupa, ambako damu hutengenezwa, huenda mbio vilevile. Kwa dawa nyingi, chembe nyeupe za damu, askari wa mwili, huanguka chini kabisa kati ya siku ya 7 na ya 14, kisha hupanda taratibu. Ndiyo maana wengi huitwa kila baada ya siku 21. Mama akitiwa dawa kabla hazijapanda, vidudu vidogo tu vyaweza kumuangusha.

Linaloniudhi mimi ni hiyo safari. Muulize daktari kama damu inaweza kupimwa siku moja kabla, hospitali ya Msambweni, majibu yakaja kwa simu. Si kila kliniki itakubali, ila wengi hawaulizi. Na hiyo juisi ya bitiruti unayomnywesha kwa lazima, mpunguzie. Ni chakula kizuri, lakini haipandishi chembe nyeupe.

*Mke wangu alishikwa na homa siku ya 10 baada ya kemo. Nikampa panadoli, ikashuka. Nilikosea?*

Ulikosea, kaka, na usirudie. Panadoli iliificha homa tu. Kilicholeta homa kilibaki palepale. Nunua kipimajoto duka la dawa. Kikisoma 38 au zaidi, ni hospitali saa hiyohiyo, hata kama ni usiku wa manane na mko ng'ambo ya Likoni mwangoja feri. Ukifika, kabla ya salamu na kabla ya kadi, sema: "Yuko kwenye kemo, ana homa." Anahitaji dawa ya vidudu ya mshipani, na haraka. Mimi mwenyewe, miaka yangu ya mwanzo, nilimwambia mgonjwa kwa simu angoje kupambazuke. Alipona, lakini baada ya siku nyingi za wadi. Tangu hapo neno "ngoja" limenitoka mdomoni.

*Nachomwa mionzi hospitali ya Makadara, Jumatatu hadi Ijumaa. Naweza kumpakata mjukuu?*

Mpakate, Bi Mkubwa, umbusu na umuogeshe. Mionzi ya mashine ya nje huisha mashine ikizimwa. Hutoki nayo mlangoni. (Hilo neno "kuchomwa" nalo latisha watu bure.) Pale palipochorwa alama tu, usipasugue wala usipapake marashi.

*Mume wangu kaandikiwa morfini ya maji. Jirani asema hiyo ni dawa ya kuagia. Nimeificha kabatini.*

Itoe, dada. Kabati ni la kuwaepusha watoto, si yeye. Morfini hutolewa kwa sababu ya maumivu, si kwa sababu siku zimebaki chache. Nina mgonjwa anayeinywa alfajiri kisha huyo, kafungua kibanda chake cha viazi karai. Hunywewa kila baada ya saa 4, kwa saa, bila kungojea maumivu yaamke, maana yakishaamka kuyalaza tena ni kazi. Usimkadirie kwa kijiko cha chai; omba bomba la sindano lisilo na sindano, uvute hadi kwenye mstari ulioandikiwa, umtie shavuni polepole. Choo kitamfunga, karibu kila mtu kinamfunga, basi dawa ya kulainisha ianze siku hiyohiyo. Kusinzia siku mbili tatu za mwanzo ni kawaida. Lakini akiwa haamshiki, au pumzi zimekuwa chache mno, mkimbize hospitali. Ukiona mzigo ni mkubwa, Coast Hospice hapa Mombasa kazi yao ndiyo hii.

*SHA, ile bima ya afya ya serikali, italipa?*

Hulipa hadi kiwango kilichowekwa, ukiwa umesajiliwa na mchango hauna deni. Asiye na mshahara hulipa ya mwaka mzima kwa mpigo, na kima cha chini ni shilingi 300 kwa mwezi. Idhini iombwe kabla ya siku ya dawa. Usiwaachie watu wa hospitali, uliza dirishani.

*Ramadhani yaja, na kemo yangu yaangukia kumi la kwanza. Nifunge?*

Mgonjwa ana ruhusa yake ndani ya Qur'ani, Sura ya Pili, na kuhusu kulipa au fidia muulize shehe wako. Langu mimi ni figo. Baadhi ya dawa, kama sisiplatini, hutaka unywe maji mengi siku ile na zinazofuata, na kidonge cha kuzuia kutapika hakingoji magharibi. Ukae na wenzio wakati wa futari, ule uji wako na tambi zako. Juisi ya miwa ya barabarani, ile ya barafu, waachie wao mwaka huu.