Kupanga kwenye ghorofa la kifahari Masaki

Uliyeuliza kama inafaa kuhama Sinza kwenda kupanga kwenye ghorofa kubwa Masaki, hapa Dar es Salaam: raha ipo, sikatai. Umeme ukikatika, jenereta linanguruma na ndani ya dakika moja feni inazunguka tena. Maji ya bomba yakigoma mtaani, matenki yanakubeba. Ila hiyo raha ina bei yake nje ya kodi. Uliza gharama za huduma ni kiasi gani kwa mwezi, na kama dizeli imo humo au inatozwa kivyake. Umeme wa LUKU, ule wa kulipia kabla, utanunua mwenyewe, na kiyoyozi kinakula uniti balaa. Wakikutajia kodi kwa dola, wakumbushe kuwa kanuni za serikali za 2025 zinataka bei za ndani ya nchi ziwe kwa shilingi.

Bwawa la kuogelea utalitumia mwezi wa kwanza, baada ya hapo utalitazama kutoka barazani. Kinachochosha ni wageni. Shangazi kaja na kikapu cha maembe kutoka Muheza, mlinzi anataka kitambulisho, anaandika kwenye daftari, anapiga simu juu, na shangazi amesimama juani. Majirani ni watu wa "habari" ya kwenye lifti, basi. Chumvi ya kuomba hupati, labda ushuke dukani.

Kabla hujasaini, nenda saa mbili usiku uone foleni ya lifti na maegesho. Mchana dalali atakuonyesha mandhari ya bahari tu.